Seli ya saratani ikikomaa si ndiyo hatari zaidi? Jibu kuhusu aseniki na lukemia ya promielositi

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike, miaka 26, mwalimu wa shule ya msingi, alianza kutokwa damu kwenye fizi na kupata madoa meusi mapajani. Baada ya vipimo tukaambiwa ana saratani ya damu aina ya APL. Anapewa vidonge vya ATRA na dripu ya aseniki kila siku. Daktari wa wodini alitueleza kwamba dawa hizi zinafanya seli za saratani zikomae, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu sisi tunajua ugonjwa ukikomaa ndiyo umeshindikana. Tena hii wiki ya pili chembe nyeupe zimepanda kutoka 2,800 hadi 19,000. Halafu aseniki si ile sumu ya panya? Baba yetu mdogo naye ana lukemia ya aina nyingine, na kuna jirani anasema anaweza kumtafutia unga huo huo. Naomba unifafanulie, tena usinifiche. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana nyumbani, na mgonjwa mfikishie pole yangu. Umeniomba nisikufiche. Ugonjwa wa mdogo wako, APL, yaani lukemia (saratani ya damu) kali ya promielositi, ni miongoni mwa saratani za damu zinazoua upesi kuliko zote mgonjwa asipowahiwa, na ni miongoni mwa zinazopona vizuri kuliko zote akiwahiwa. Yote mawili yanatokana na chanzo kimoja. Ukikielewa chanzo hicho, aseniki, kupanda kwa chembe nyeupe na hata suala la baba yenu mdogo vitajieleza.

Nianze na neno lenyewe. Tunaposema ugonjwa umekomaa tunamaanisha umeota mizizi. Tunaposema embe limekomaa tunamaanisha limefikia ukubwa wake na sasa laweza kuchumwa. Daktari wa wodini alilitumia neno kwa maana ya embe, nanyi mkalisikia kwa maana ya ugonjwa. Seli ya damu ya ukoo huu iliyokomaa ni seli iliyofika umri wa kufanya kazi yake, haigawanyiki tena, na baada ya muda mfupi inakufa. Kwa hiyo seli ya saratani ikikomaa, imeacha kuwa saratani. Hatari yote ya lukemia hii imo katika kutokukomaa.

Mtu mzima mwenye afya hutengeneza ndani ya uboho wa mifupa yake neutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku. Hizi ndizo chembe nyeupe zinazokimbilia kidonda na kula bakteria. Hazizaliwi zikiwa tayari. Ya kwanza ni mieloblasti, kisha promielositi, kisha mielositi, na hatua nyingine kadhaa mpaka neutrofili kamili inayoruhusiwa kutoka kwenda kwenye damu. Mdogo wako ni mwalimu, kwa hiyo yeye ataliona hili haraka kuliko wengi. Fikiria shule ambayo watoto wote wanafika darasa la pili na hakuna hata mmoja anayepanda la tatu. Kila mwaka wanaingia wengine, na wale waliokwama nao wanaongezeka. Baada ya muda madawati yote ya shule yamekaliwa na darasa la pili, na la saba halina mtu. Uboho wa mgonjwa wa APL uko hivyo: umejaa promielositi, na hakuna nafasi ya kutengenezea chembe nyekundu, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, wala neutrofili za kweli.

Promielositi ina jambo lake la pekee. Ni hatua ambayo seli imejaza tumboni chembechembe za kemikali kali ambazo neutrofili itakuja kuzitumia vitani. Ukizitazama za APL kwa hadubini unaona punje za zambarau zimeifunika seli nzima, na ndani ya baadhi yake vijiti vyembamba vimelala pamoja kama mzigo wa kuni. Kila nikiuona mzigo ule wa kuni nasimama na kupiga simu wodini kabla sijamaliza kuandika ripoti, kwa sababu seli hizi zinamwaga vitu vinavyovuruga mfumo wa kugandisha damu: damu inaganda ovyo mahali pasipotakiwa, protini za kugandisha zinakwisha, na mgonjwa anaanza kutoka damu fizi, ngozi, na mbaya zaidi, ubongo. Madoa ya mapajani mliyoyaona yalitokana na hilo. Mwaka 1957 Leif Hillestad wa Norway alipoueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, aliandika juu ya wagonjwa watatu waliotokwa damu na kufa ndani ya wiki chache. Ndiyo maana ATRA huanzishwa siku ile ile tunaposhuku APL, hata kabla kipimo cha jeni hakijarudi.

Sasa, kwa nini seli zimekwama darasa la pili? Mwaka 1977 Janet Rowley, huko Chicago, alionyesha kwamba katika seli za APL kipande cha kromosomu ya 15 na kipande cha kromosomu ya 17 vimebadilishana mahali. Baadaye, kuelekea mwaka 1990 na 1991, ikajulikana kwamba palipokatika na kuungwa kuna jeni mbili: PML kwenye 15, na RARA kwenye 17. Zikaungana zikawa jeni moja isiyopaswa kuwapo, nayo inatengeneza protini moja yenye vichwa viwili, PML-RARA.

RARA peke yake ni mlinzi wa lango. Amekaa juu ya jeni zinazoamuru seli ikomae, amelifunga lango. Vitamini A inapogeuzwa mwilini kuwa asidi ya retinoiki na kumfikia, analifungua, na seli inapanda darasa. Kiasi kidogo tu kinachozunguka mwilini kila siku kinatosha. Mlinzi huyu akishaunganishwa na PML anakuwa mzito wa kusikia. Asidi ya retinoiki ya kawaida inapiga hodi, yeye hafungui.

PML nayo ina kazi yake. Katika kiini cha seli yenye afya, protini za PML hukusanyika katika vidoto vichache, kama kumi hivi hadi thelathini, ambavyo ukivipaka rangi vinang'aa kama nyota usiku. Ndani ya vidoto hivyo seli hufanya maamuzi makubwa, yakiwemo ya kuacha kugawanyika na kujiua ikiona imeharibika. Katika seli ya APL vidoto hivyo vimesambaratika na kuwa mamia ya vumbi dogo dogo. Kwa hiyo ile protini yenye vichwa viwili imefanya maovu mawili kwa mkupuo: imefunga lango la kukomaa, na imevunja baraza linaloamua seli ife lini.

Shikilia hapo, maana ATRA inagusa kichwa kimoja na aseniki inagusa kingine.

ATRA ni asidi ya retinoiki yenyewe, ila kwa dozi kubwa kiasi cha kumfanya hata yule mlinzi mzito wa kusikia asikie. Wang Zhenyi, daktari wa Hospitali ya Ruijin mjini Shanghai, aliitumia mwaka 1985 kwa mtoto wa kike wa miaka 5 ambaye matibabu ya kawaida yalikuwa yameshindwa, na mtoto yule akapona. Mwaka 1988 yeye na wenzake wakachapisha taarifa ya wagonjwa 24. Ilikuwa mara ya kwanza saratani kutibiwa kwa kuikomaza. Hata hivyo ATRA peke yake ilikuwa na kasoro iliyowaumiza watu sana: seli zinakomaa vizuri, damu inasafika, mgonjwa anarudi nyumbani, na baada ya miezi kadhaa ugonjwa unarudi. Zilizokomaa zilikuwa zile nyingi zinazoonekana. Mbegu chache zilizobaki chini zilikuwa hazijaguswa.

Aseniki ilitokea upande mwingine kabisa, kaskazini ya mbali ya China, mjini Harbin. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa chuo cha tiba cha huko walisikia habari za mganga wa jadi mashambani aliyekuwa akitibu saratani kwa mchanganyiko wa aseniki, chumvi ya zebaki na sumu ya chura. Han Taiyun aligeuza mchanganyiko ule kuwa sindano. Zhang Tingdong na wenzake wakaichambua dawa kipande kwa kipande: zebaki ilidhuru figo, sumu ya chura ilipandisha shinikizo la damu, na vyote viwili vikaondolewa. Ikabaki aseniki trioksaidi peke yake, nayo ndiyo iliyokuwa ikitibu. Wakaona pia kwamba kati ya aina zote za lukemia, iliyojibu vizuri zaidi ilikuwa hii ya promielositi. Naiheshimu sana kazi ile. Wangeweza kuidharau dawa ya mganga, au kuiamini yote kama ilivyo. Waliipima.

Nje ya China taarifa zao zilisomwa kwa uzito katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 madaktari wa New York walieleza wagonjwa 12 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia baada ya matibabu mengine. Walipopewa aseniki, 11 kati yao walisafika. Mwaka 2000 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa wagonjwa wa namna hiyo.

Nikueleze sasa inavyofanya kazi, kwa kuwa hapa ndipo swali lako lilipo.

Mwaka 1996 watafiti wa Shanghai waliweka seli za APL kwenye vyombo vya maabara wakazipa aseniki kwa viwango tofauti. Kwa kiwango cha juu kidogo, seli zilijiua. Kwa kiwango cha chini, zilianza kukomaa, ila hazikufika mbali: kiini kilibadilika umbo kidogo, baadhi ya alama za ukomavu zikajitokeza, kisha zikaishia katikati. Wakati huo watu wengi walishangaa dawa moja inawezaje kufanya mambo mawili. Jibu lilipatikana polepole, kwa miaka kumi na zaidi, na ni hili.

Aseniki inapenda salfa. Popote penye salfa mbili au tatu zilizokaribiana, inazishika na haiachii kirahisi. Tabia hiyo ndiyo inayoifanya iwe sumu, kwa sababu vimeng'enya vingi vya mwili vina salfa mahali pa kazi. Protini ya PML ina sehemu ambazo sisteini, yaani viungo vyenye salfa, vimekaa vikiizunguka zinki kama mafiga yalivyoishikilia sufuria. Aseniki inaingia na kukalia penye zinki. Mwaka 2010 watafiti wa China walionyesha kwamba inashikamana moja kwa moja na sisteini hizo. Ikishakaa hapo, protini za PML zinaanza kung'ang'aniana, moja na nyingine na nyingine, mpaka lile vumbi lililosambaa linakusanyika tena kuwa vidoto. Ukiangalia seli ya APL saa chache baada ya kupewa aseniki, unaziona zile nyota zimerudi. Katika mambo yote niliyowahi kuyaona kwa hadubini, machache yananigusa kama hilo.

Kukusanyika huko ni mwanzo tu. Protini iliyokusanyika inapachikwa alama ndogo iitwayo SUMO. Alama ya SUMO inamwita kimeng'enya RNF4, ambacho kinapachika alama ya pili, ubikuitini. Na kitu chochote chenye alama ya ubikuitini ndani ya seli hupelekwa kwenye proteasomu, mashine ya kusaga protini zisizotakiwa. Kwa kuwa PML imeunganishwa na RARA, zinakwenda pamoja na kusagwa pamoja. Mlinzi mbovu anaondolewa langoni kabisa. Lango linabaki na RARA ya kawaida, ile iliyotengenezwa na nakala nyingine nzima ya kromosomu ya 17, ambayo inasikia asidi ya retinoiki ya mwili kama kawaida. Seli inapanda darasa.

Kwa hiyo aseniki yenyewe haimfundishi mtoto kitu. Inaondoa kizuizi, na seli inaendelea na safari iliyokuwa imeandikwa ndani yake tangu mwanzo. Tena, kwa kuwa vidoto vya PML vimerudi, lile baraza la maamuzi nalo linafunguliwa. Protini ya p53, ambayo wengi wamesikia ikiitwa mlinzi wa jeni, inapata mahali pa kufanyia kazi, na zile seli mbegu ambazo ATRA peke yake iliziacha zinapoteza uwezo wa kujizalisha bila mwisho.

Hapa kuna jambo ambalo hata sisi wa fani hii lilituchukua muda kulikubali. ATRA inakomaza seli vizuri kuliko aseniki, lakini ikiwa peke yake haiponyi wengi. Aseniki inakomaza nusunusu, lakini ikiwa peke yake inaponya wengi, kama madaktari wa Vellore nchini India walivyoonyesha kwa wagonjwa wasioweza kumudu dawa nyingi. Maana yake, kukomaa kunakoonekana kwa hadubini ni dalili kwamba kizuizi kimelegea, na kupona kunataka kizuizi kivunjwe kabisa. Ukitumia zote mbili, kila moja inashika kichwa chake cha ile protini na kuipeleka kusagwa kwa haraka zaidi.

Utajuaje kwamba sibuni hadithi? Kuna aina adimu ya lukemia inayofanana na APL ambayo RARA imeungana na jeni nyingine, PLZF, badala ya PML. Aseniki haiifanyi kitu. Kuna pia wagonjwa wa APL ambao, baada ya kutibiwa kwa aseniki, ugonjwa uliwarudia na dawa ikakataa. Walipochunguzwa baadhi yao, mabadiliko madogo yalikutwa palepale kwenye kipande cha PML ambapo aseniki hushika. Dawa ilikosa pa kukaa.

Na matokeo kwa watu? Mwaka 2013 Francesco Lo-Coco na wenzake wa Italia na Ujerumani walichapisha jaribio lililolinganisha ATRA pamoja na aseniki dhidi ya ATRA pamoja na kemotherapi, kwa wagonjwa ambao chembe zao nyeupe hazikuwa zaidi ya 10,000 mwanzoni. Waliopewa aseniki na kufanyiwa tathmini walikuwa 77, na wote 77 walisafika. Baada ya miaka miwili, asilimia 97 kati yao walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala matibabu kushindwa, kwa asilimia 86 upande wa kemotherapi. Mdogo wako alianza na 2,800, kwa hiyo yumo katika kundi hilo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza aseniki trioksaidi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Nije kwenye ile 19,000. Najua mmelala macho kwa ajili yake. Kabla ya dawa, promielositi zilikuwa zimejazana ubohoni na chache tu zilikuwa zinatoka. Lango lilipofunguka zikaanza kupanda madarasa na kutoka kwa wingi, na mashine ya kuhesabu inazihesabu zote kama chembe nyeupe. Namba kupanda wiki ya kwanza hadi ya tatu ni jambo tunalolitarajia, na mara nyingi linaonyesha dawa inafanya kazi. Msimwachishe dawa kwa hofu ya namba.

Ila usilale kabisa. Seli zinazokomaa kwa mkupuo zinaweza kuvamia mapafu na kuvujisha maji kwenye mishipa midogo. Tunauita mkusanyiko huo wa dalili sindromu ya ukomavu, na katika jaribio la Lo-Coco uliwapata karibu mmoja kati ya kila wagonjwa watano waliopewa aseniki. Dalili zake: homa bila sababu, kupumua kwa shida, kikohozi kikavu, uzito kupanda kwa kilo kadhaa ndani ya siku chache, miguu kuvimba, shinikizo la damu kushuka. Dawa yake ipo, deksamethasoni, miligramu 10 mara mbili kwa siku, na inaanzishwa kwa kushuku tu, bila kungoja uhakika. Ninachokuomba wewe ni kitu kidogo: kama wodi inaruhusu, apimwe uzito kila asubuhi na mziandike hizo kilo kwenye daftari. Akisema usiku "nikilala chali napata shida kupumua", mwamsheni muuguzi saa hiyo hiyo, msingoje raundi ya asubuhi. Namba inapopanda sana kuna pia vidonge vya haidroksiyurea vya kuishusha, na usishangae ukiona wameviongeza.

Kuhusu sumu. Ndiyo, ni ile ile aseniki. Kinachotofautisha ni kiasi, usafi na njia ya kuingilia mwilini. Dozi ya kila siku ni miligramu 0.15 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anapata miligramu 9, zikiingia taratibu kwa saa moja au mbili. Kiasi kinachoweza kuua mtu mzima akikimeza kwa mkupuo kinaanzia kama miligramu 70. Unaona nafasi iliyopo kati yake ni nyembamba, na ndiyo maana haitolewi nje ya mikono inayopima. Eneo letu lenyewe limewahi kuijua dawa ya namna hii: kwa miongo mingi wagonjwa wa malale waliofikiwa ubongoni, Uganda na magharibi mwa Tanzania, walitibiwa kwa melasoprol, ambayo ina aseniki ndani yake. Iliokoa wengi, na iliua yenyewe karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini.

Kiungo ninachokihofia zaidi ni moyo. Aseniki inarefusha muda ambao moyo unajiandaa kwa pigo linalofuata, na ukirefuka mno mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Ndiyo sababu wanampima umeme wa moyo mara kwa mara na kumchoma damu kila siku mbili tatu kuangalia potasiamu na magnesiamu. Vyote viwili vinatakiwa viwe juu ya kiwango cha chini cha kawaida, potasiamu angalau milimoli 4 kwa lita. Akitapika au akiharisha vinashuka, kwa hiyo semeni mapema. Na hapa ndipo ndugu wanapokosea bila kujua: akipata homa, msimnunulie dawa mseto ya malaria dukani, wala azithromaisini, wala siprofloksasini, bila daktari wake kujua. Dawa hizo nazo zinagusa muda huo huo wa moyo. Homa kwa mgonjwa huyu irudi kwa daktari wake. Vitamini A za dukani pia hapana, kwa sababu ATRA ni ya ukoo huo na vikijumlishana vinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Akiumwa kichwa kikali au akiona ukungu machoni, aseme. Na kwa kuwa ni binti wa miaka 26, lazima aelezwe wazi kwamba dawa zote mbili zinadhuru mtoto tumboni. Kama hajapimwa ujauzito, aombe apimwe, na atumie uzazi wa mpango muda wote wa matibabu na miezi kadhaa baadaye, kwa ushauri wa daktari wake.

Baba yenu mdogo. Kwanza, tafadhali, unga wa jirani usifike mdomoni mwake. Hakuna anayejua ndani yake mna miligramu ngapi, na aseniki inayomezwa kidogo kidogo kwa muda mrefu hukaza ngozi ya viganja na nyayo, huharibu mishipa ya fahamu, na yenyewe huleta saratani ya ngozi, mapafu na kibofu. Pili, umeshaona aseniki inashika nini. Lukemia isiyo na PML-RARA haina kile inachokishika. Hili lilijaribiwa zamani: mwaka 1786 Thomas Fowler wa Uingereza alitoa maji yake ya aseniki kwa ajili ya homa, na katika karne ya 19 madaktari wa Ujerumani na wa Boston wakayatumia kwa lukemia. Chembe nyeupe zilishuka, dawa ikisimamishwa zikarudi, na mgonjwa akabaki na madhara ya sumu.

Usiishie kumkataza tu, maana mtu aliyekatazwa bila kupewa njia nyingine atarudi kwa jirani. Muulizeni daktari wake jina kamili la lukemia hiyo. Kama ni ile sugu ya mieloidi, inayoitwa CML, basi nayo ina protini yake moja iliyoungwa vibaya, BCR-ABL, na ina kidonge chake kinachoilenga, imatinibu, ambacho wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanakitumia na wanaishi nacho miaka mingi. Kama ni aina nyingine, niandikie jina lake nami nitajibu.

La mwisho, kwa kuwa litawajia karibuni na sitaki liwatie hofu. Baada ya kama mwezi mmoja watachukua tena uboho wake kwenye nyonga. Mara nyingi kipimo hicho kinaonyesha bado kuna promielositi, na kipimo cha jeni kinaweza kusoma kwamba PML-RARA ipo. Wakati huo bado seli ziko njiani zinapanda madarasa, na mara nyingi daktari atawaambia mwendelee kusubiri wiki moja au mbili. Akishasafika ataingia awamu ya kuimarisha, aseniki siku tano kwa wiki kwa majuma manne, kisha mapumziko ya majuma manne, mizunguko minne. Kipimo cha jeni chenye uzito ni kile cha mwisho wa awamu hiyo. Hicho ndicho kinachotakiwa kiwe hasi, na kikiwa hasi nitafurahi mkinijulisha.